Mzazi na Muhula wa Kipupwe

Katika nyanda za juu za kusini mwa nchi yetu, mwezi wa Julai si mwezi wa mzaha. Mji wa Njombe umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziko sehemu za Makete zilizopanda zaidi ya hapo. Asubuhi za kipupwe ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande, na ziko siku ambapo umande huganda juu ya majani ukawa sakitu nyeupe, ikaunguza viazi kana kwamba moto umepita shambani. Ndugu zetu wa pwani wakielezwa habari hizi hudhani twawatania. Mtoto wa huko, atokaye nyumbani alfajiri kwenda shule kwa miguu, hahitaji kuelezwa.

Ni katika baridi hiyo ndipo muhula wa pili wa masomo hufunguliwa. Na muhula huu ndio ulio mzito kuliko wa kwanza. Darasa la saba hufanya mtihani wao mwezi wa Septemba. Darasa la nne na kidato cha pili hupimwa kati ya Oktoba na Novemba. Kidato cha nne nao huingia katika mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Wakati huo huo mzazi wa nyanda za juu hana nafasi. Mahindi yangojea kuvunwa na kupukuchuliwa, na huko mabondeni vinyungu vyataka kulimwa maadamu ardhi bado ina unyevu. Basi yaelekea kwamba mzazi na mwalimu huwa mbalimbali zaidi katika miezi ile ile wanayohitajiana zaidi.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa mifano miwili ya maisha yetu wenyewe, mmoja wa utotoni na mmoja wa uzazini. Yote miwili yatutia haya kidogo, lakini haya hiyo yaweza kumfaa msomaji.

Sisi tulianza darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka ambao taifa lilianza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote kufuatana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Njombe wakati huo ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Iringa. Haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012. Madarasa yalijaa. Tulikaa wanne katika dawati la watu wawili, na wengine walikaa chini. Viatu hatukuwa navyo. Katika kipupwe nyayo zilipasuka, na nyasi za njiani zilikuwa kama sindano.

Tulipofika darasa la nne, mwaka 1980, tulipata hila. Njiani palikuwa na shamba la miti ya miwati, na chini ya miti hiyo maganda makavu hayakosekani. Sisi na wenzetu watatu tukawasha moto humo, tukaota mpaka jua lilipopata nguvu, kisha tukaona aibu ya kuchelewa, tukabaki huko huko hadi saa ya kurudi. Siku moja ikawa mbili, wiki moja ikawa tatu. Nyumbani tulirudi na daftari mkononi kama kawaida, na baba yetu alituuliza kama kawaida: “Shule haijambo?” Nasi tukajibu: “Haijambo, baba.”

Mwisho wa mwaka mwalimu alitupa ripoti zetu katika karatasi iliyokunjwa, twende nayo kwa wazazi. Mama yetu hakujua kusoma, na baba hakuwahi kusoma utotoni. Aliyetakiwa kuisoma ripoti yetu ni sisi wenyewe. Mshitakiwa alipewa barua ya mashitaka aipeleke, tena aifasiri! Tulisimama karibu na moto jikoni, tukasoma kwa sauti kubwa kwamba mtoto huyu ni hodari na hakukosa shule ila siku mbili kwa ugonjwa.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Hebu nione.” Akaichukua karatasi, akaipeleka kwenye mwanga, akaikazia macho kwa muda mrefu. Akaweka kidole mahali. “Hapa pameandikwa arobaini na moja. Siku arobaini na moja za nini, mwanangu?”

Tulikuwa tumesahau kwamba baba alikuwa mwanafunzi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya kisomo yalienea nchi nzima, na katika kijiji chetu wazee walikutana jioni mara mbili kwa wiki. Herufi zilikuwa bado zampa baba taabu, lakini tarakimu alizijua barabara, kwa kuwa alipeleka pareto kwenye mizani na hakupenda kupunjwa.

Tulitazamia fimbo. Fimbo haikuja. Asubuhi yake baba alivaa koti lake la kanisani, akaenda shuleni bila kuitwa. Hapo ndipo lilipodhihirika jambo ambalo hatukulisahau hata leo. Darasa la kisomo lilikuwa darasa letu lile lile. Mwalimu wa kisomo alikuwa mwalimu wetu yule yule. Mara mbili kila wiki, kwa mwanga wa taa ya karabai, baba alikuwa akiketi katika dawati letu, mbele ya mtu aliyeshika daftari la mahudhurio yetu. Katika miezi yote hiyo baba hakuuliza, na mwalimu hakusema. Baba alidhani kwamba kumwuliza mwalimu habari za kazi yake ni utovu wa adabu. Mwalimu alidhani kwamba mzee huyu anajua mwanawe hayupo, ila amemweka shambani. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na katikati ya heshima hizo mbili mtoto alipotea.

Tangu muhula uliofuata walifanya mapatano. Kabla ya kufungua somo la kisomo, mwalimu alitumia dakika tano kuwatajia wazee waliokuwapo watoto wao: nani hakuja, nani aumwa, nani amekwama katika hesabu. Wazee nao walisema yao: fulani anachunga kwa sababu kaka yake ameondoka, fulani hana nguo ya kujifunika, naye aona haya. Hapakuwa na barua, wala mkutano, wala mchango. Kipupwe kilichofuata hatukuota moto miwatini hata siku moja, kwa kuwa habari ingefika nyumbani kabla yetu.

Watu hupenda kusema kwamba zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima, na kwamba shule ndiyo iliyoharibu mambo. Sisi hatuungi mkono maneno hayo yote, lakini limo ndani yake jambo la kweli. Katika malezi ya asili, mafunzo yalifanyika mbele ya macho ya wazazi: kwenye jiko, shambani, machungani, na katika jando na unyago, ambako walezi walikuwa watu wa ukoo na majirani. Mzazi hakuhitaji kupewa taarifa, kwa maana alikuwapo. Shule ya kikoloni ilimtoa mtoto hapo ikampeleka nyuma ya ua, na mzazi akafundishwa kusimama nje ya ua huo akiwa na kofia mkononi. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea cha mwezi Machi 1967, aliikemea elimu ya namna hiyo kwa kumtenga kijana na jamii yake, akataka shule iwe sehemu ya maisha ya watu wanaoizunguka. Ua wa miti umeng'olewa mahali pengi. Ua wa mioyoni bado upo. Sisi wenyewe twaweza kushuhudia, kwa sababu tulipokuwa wazazi tulisimama nje yake vile vile, ingawa tulikuwa tumesoma.

Mfano wa pili wahusu binti yetu. Alipofaulu darasa la saba alipangiwa shule ya kata, mojawapo ya zile zilizoenea kila upande wa nchi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004. Shule hiyo ilikuwa mbali na nyumbani kwetu, haina bweni, wala gari la kuaminika halikupita njia hiyo. Tukafanya walivyofanya wazazi wengine: tukampangia chumba kijijini karibu na shule, pamoja na wasichana wenzake wawili. Tulilipa kodi ya miezi sita, tukanunua godoro, jiko la mkaa na debe la unga, tukarudi ofisini kwetu tukijiona tumetimiza wajibu.

Wala hatukukosa habari. Shule ilituma ujumbe mfupi katika simu kila mara: tarehe ya kufungua, mchango wa chakula, siku ya mtihani wa majaribio. Sisi ni mtumishi wa serikali. Kazi yetu ni karatasi na taarifa. Kila ujumbe tuliusoma, na mingine tuliijibu kwa lugha safi. Kama mtu angetuuliza siku hizo, tungemwambia kwamba hakuna mzazi anayejua habari za shule kuliko sisi.

Usiku mmoja wa Julai, binti yetu akiwa kidato cha pili, baridi ilikuwa kali mno. Wale wasichana waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango, wakaziba dirisha kwa gunia, wakalala. Mkaa uwakao mahali pasipo na hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta haamshwi na kikohozi wala na moshi, bali huzidi kulala. Alfajiri mama mmoja jirani, aliyezoea kuwasikia wakichota maji, aliona kimya. Akabisha mlango, hakujibiwa. Akaita watu, mlango ukavunjwa. Watoto walitolewa nje wakiwa hawajitambui, wakapelekwa zahanati, na kwa rehema za Mungu wote watatu wakapona.

Tulipofika, tulimkuta mwalimu wa darasa amekaa kwenye benchi la zahanati, ameshika kichwa. Alitwambia, “Mzee, mimi sikujua hata kama wanalala peke yao. Niliandikiwa kwamba wanaishi kwa ndugu.” Nasi tulikumbuka kwamba katika fomu ya kujiunga, mahali palipoulizwa mwanafunzi ataishi wapi, tuliandika “kwa ndugu” ili tusiulizwe zaidi. Yule mama jirani, ambaye hakuwa na simu wala hakujua jina la ukoo wa binti yetu, ndiye pekee aliyekuwa na habari iliyohitajika usiku ule.

Hapo tulimkumbuka baba na dawati la kisomo. Miaka mingi imepita na vyombo vimebadilika, lakini kosa ni lile lile. Shule ilisema mengi, nasi tukasikia mengi, ila hakuna aliyemwuliza mwenzake: mtoto analala wapi, anaota moto gani, anakula nini jioni? Taarifa ziendazo upande mmoja ni matangazo tu. Mzazi anayepokea matangazo bado hajashiriki.

Baada ya tukio lile, wazazi wa kidato kile tulikutana na walimu. Mkutano wa kwanza uliitishwa siku ya Jumatano saa nne asubuhi, nasi tulikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Wengine walikuwa katika vinyungu. Mzee mmoja akashauri kwamba badala ya kuwaita watu shuleni, mwalimu aende walipo watu. Ikakubaliwa kwamba katika muhula wa kipupwe mkutano ufanyike siku ya gulio, chini ya mti, mchana watu wakishauza viazi vyao. Mkuu wa shule alisita mwanzoni, akiona si heshima kuzungumza habari za elimu kando ya mafungu ya vitunguu. Lakini siku hiyo walikuja wazazi ambao hakuwa amewaona tangu watoto wao waandikishwe.

Mambo tuliyoyapatana yalikuwa machache. Kwanza, wazazi wa wasichana na wavulana waliopanga vyumba walijigawia zamu, na kila juma mzazi mmoja alizungukia vyumba vyote, si cha mwanawe peke yake. Aliangalia dirisha, akaangalia jiko liko nje, akauliza kama unga upo. Pili, mama jirani na wenzake wenye nyumba waliingizwa katika mazungumzo kama walezi, wakapewa jina la mwalimu na njia ya kumpata. Tatu, mwalimu wa darasa alipeleka kwa wenyeviti wa vitongoji orodha ya waliokosa shule siku tatu mfululizo, naye mwenyekiti alikwenda mwenyewe mlangoni kuuliza kulikoni. Nne, mkutano haukuanza na mchango. Ulianza na swali moja kwa kila mzazi: “Nyumbani kuna jambo gani ambalo shule yafaa ilijue?”

Hatudai kwamba taabu zote zilikwisha. Wako wazazi ambao hawakufika hata siku moja, na wako watoto walioacha masomo kabla ya mwaka kwisha. Baadhi ya walimu walilalamika kwamba kazi imeongezeka, na walisema kweli. Lakini hakuna chumba kilichofungwa na jiko la moto ndani yake tena, na binti yetu alifika kidato cha nne akiwa hai. Kwa mzazi, hilo ndilo matokeo ya kwanza kabla ya matokeo mengine yoyote.

Yafaa tuseme neno juu ya fedha, maana ndilo jiwe ambalo wengi hujikwaa. Tangu mwezi Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na jambo hilo liliwafungulia mlango watoto wengi. Lakini baadhi ya wazazi walilielewa vibaya, wakaona kwamba mtoto sasa ni wa serikali, nao wamepumzika. Na baadhi ya shule ziliendelea na desturi ya kumwita mzazi kwa mambo mawili tu: mchango na ugomvi. Mzazi aitwaye kwa mchango na ugomvi peke yake, akiona barua ya shule hushtuka kama aliyeona askari mlangoni. Ada imeondolewa, malezi hayakuondolewa, wala hayawezi kuondolewa kwa waraka.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa jambo la lazima, na mzazi azembeaye aweza kushitakiwa. Sheria ni njema, lakini yafika mwisho wake mlangoni. Yaweza kumtoa mtoto nyumbani. Haiwezi kumwuliza kwa nini miguu yake imepasuka. Kazi hiyo ni ya utamaduni wetu. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na kwa hakika hawakuwa na maana kwamba mkono wa pili utume fedha na kukaa mbali.

Kwa ndugu zetu walimu twasema: msingoje mzazi aache aibu yake, mwanzeni ninyi. Mpeni habari kwa maneno anayoyatumia, mahali alipo, saa anayopumzika. Mwambieni pia jambo jema la mwanawe, ili ajue kwamba kuitwa si kushitakiwa. Na mumwulize, kwa sababu naye ana elimu ya mtoto huyo ambayo haimo katika daftari lolote.

Kwa wazazi wenzetu twasema: kujua kusoma si kujua habari za mwanao. Mama asiyejua herufi, lakini apitaye shuleni kila siku ya gulio kumwamkia mwalimu na kuuliza, amemzidi mbali mtumishi mwenye simu mbili.

Na kwa wewe kijana unayesoma insha hii ukiwa darasani, huenda kwa kulazimishwa, twakusihi jambo moja. Wewe ndiwe tarishi kati ya nyumba mbili. Hakuna anayejua ujumbe wako isipokuwa wewe, na kishawishi cha kuubadilisha ni kikubwa, sisi twakijua. Usione kwamba baba au mama asiyesoma ni mtu wa kudanganywa. Huenda herufi zimpa taabu, lakini tarakimu anazijua.

Kwa kuwa tumezoea kutunga, tumwachie msomaji ubeti mmoja:

Mzazi fika shuleni, usingoje kuitiwa,
Baridi iwe mwilini, moyo usije kupowa,
Habari za darasani, si siri ya kufichiwa,
Mkono mmoja, mwana hauwezi kumlea.

Baba yetu amekwisha kututoka. Katika sanduku lake la bati, chini ya kadi ya kodi na stakabadhi za pareto, tuliikuta ile ripoti ya mwaka 1980. Alikuwa ameihifadhi miaka yote. Mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa pamebaki wazi siku tulipomletea; sasa palikuwa na jina lake, limeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa kubwa zilizopinda. Hatujui aliliandika lini. Pengine ni siku ile alipovaa koti la kanisani, pengine ni miaka baadaye, mkono ulipozoea. Lakini aliliandika mwenyewe, na hakumpa mtoto amwandikie.